Mzabibu wa Nje ya Ua

Chupa ilipozibuliwa sikuwa hata nikiitazama. Tulikuwa tumekaa katika hoteli moja kando ya ziwa, Kisumu, tukila chakula cha mchana cha kumuaga mkubwa wetu wa kazi aliyekuwa anastaafu, na macho yangu mimi yalikuwa kwenye samaki. Mhandisi mmoja Mwitaliano tuliyefanya naye mradi wa maji ndiye aliyeileta divai hiyo kutoka kwao. Nasikia aliipakata njia nzima kama mtoto mchanga, na sasa alikuwa anatumiminia kidogo kidogo. Jirani yangu wa mezani akaonja, akakunja uso. "Hii kitu ni kali," akasema, "wacha niongeze soda." Na kweli akaongeza. Mwitaliano wa watu akageukia upande wa ziwa, kama mtu aliyeona ng'ombe wa jirani wakiingia kwenye mahindi yake na hawezi kuwafukuza.

Niliinua bilauri yangu, na kabla haijafika mdomoni harufu ikanishika. Ilikuwa ya zambarau zilizoiva kupita kiasi, zile tulizokuwa tukiokota chini ya miti ya barabarani mjini hadi ndimi zikageuka rangi ya wino. Nyuma yake kulikuwa na moshi wa jikoni, na udongo mwekundu unaponyeshewa baada ya kiangazi. Nikanywa kidogo. Mdomo ukanikauka taratibu, jinsi unavyokauka ukitafuna pera bichi, halafu utamu fulani ukaja kutoka mbali, bila haraka. Sikuhitaji kusoma karatasi ya chupa. Nikasema, hii ni Aglianico.

Yule mhandisi akaweka uma chini, akaniuliza zabibu hiyo nimeijulia wapi, kwa maana hata kwao wapo wasioijua. Nikamwambia iko nyumbani kwetu Nyakach, juu mlimani ukishapita Katito, nje ya ua wa mnyaa. Akacheka sana, akidhani namtania. Nikacheka naye, kisha nikaenda chooni kunawa uso, kwa sababu shangazi yangu aliyeupanda mzabibu huo tulikuwa tumemzika juzijuzi tu, na nilikuwa bado sijamlilia sawasawa.

Jina lake lilikuwa Awino, dada pekee wa baba yangu. Nilipokuwa mdogo nilimjua kwa picha moja tu, amevaa koti zito, amesimama mbele ya ukuta wa mawe. Alianza kwa kupika katika misheni ya watawa wa Kiitaliano, nao ndio waliomtafutia kazi kwao, ya kumtunza bibi mmoja mzee katika kijiji cha milimani, kusini mwa nchi hiyo. Shangazi alimwita Nonna, ambalo kwa lugha yao ni sawa na Dani kwetu, yaani bibi. Alikaa huko miaka mingi. Hakuolewa, hakuzaa, na kila Krismasi alituma kitu kidogo cha kumfanya Dani wetu aimbe kanisani kwa sauti ya juu kuliko wenzake.

Ninyi wa rika langu mnajua maana ya mtu kurudi kutoka Ulaya siku zile. Tulikuwa bado tunaanika betri za redio juani ili zipate nguvu ya kutusomea taarifa ya habari ya jioni. Habari zilipofika kwamba Awino anarudi, hata watu ambao hatukuwa na undugu nao walikumbuka undugu. Walijaa nyumbani siku alipofika, wakakaa kwa heshima wakiukodolea macho mkoba wake mkubwa. Ukafunguliwa. Kulikuwa na nguo, shali ya Dani, mkasi wa kukatia miti wenye mishikio myekundu, na kijiti kikavu kilichofungwa kwa kitambaa kibichi. Wageni wengine waliondoka kabla chai haijachemka.

Baadaye ndipo nilipoelewa kisa cha kile kijiti. Nonna alikuwa amezeeka hadi miguu ikagoma, watoto wake wakamhamishia mjini, na shamba likapata mnunuzi aliyetaka kung'oa mizabibu yote ajenge nyumba za wageni. Asubuhi ya kuagana, yule bibi aliomba abebwe hadi shambani. Akakata tawi moja kwa mkono wake mwenyewe, akampa Shangazi pamoja na mkasi, akamwambia mzabibu huo, Aglianico, ni wa mama yake na wa bibi yake, na kwamba ni mkaidi lakini hauna mfano. Shangazi alinisimulia hayo mara nyingi, na kila mara sauti yake ilibadilika ikifika hapo kwenye ukaidi. Ungedhani anamsifu mtu wa ukoo.

Basi akaupanda. Lakini hakuupanda ndani ya ua, na hapa ndipo penye kiini cha mambo yote. Kwetu binti hapandi mti wa kudumu ndani ya boma la baba yake, maana kupanda mti ni kudai ardhi, na ardhi ni ya wana wa kiume. Hakuna aliyemwambia Shangazi neno hilo. Alilijua tangu utotoni. Alitembea mwenyewe na jembe mpaka upande wa pili wa mnyaa, kwenye kipande pekee kilicho tambarare katika mteremko ule wote, penye mawe na udongo mwekundu, akachimba hapo. "Mti wangu utakaa ninapokaa mimi," aliniambia, "mlangoni." Alicheka aliposema hivyo. Mimi sikuona cha kuchekesha, ingawa sikujua kwa nini.

Nani angeamini kuwa kijiti kile kingeshika? Kilishika. Kilitoa majani mapana yenye manyoya laini kwa chini, yakawa yanang'aa asubuhi ukungu ukipanda kutoka ziwani. Shangazi aliutengenezea kichanja cha nguzo za mkonge, akaufunga kwa kamba za mkonge, na mzabibu ukapanda pale kwa kiburi kana kwamba ndio uliomfanyia yeye hisani. Nilikuwa napeleka kiti changu kidogo chini yake na kufanyia hesabu hapo. Nilikuwa naupenda waziwazi. Naupenda mpaka sasa, na sioni haya kusema hivyo juu ya mti.

Ila matunda yake ya kwanza yalituvunja moyo. Zabibu zilipogeuka nyeusi, nyeusi hasa, na ule unga mweupe juu ya ganda unaotaka ufutwe kwa kidole, tulizivamia siku hiyo hiyo. Ni desturi ya watoto wote wa kwetu: tunda likibadilika rangi, limeiva, na ukingoja ndege watakushinda. Lo! Uchachu ule uliniingia mpaka masikioni. Mdomo ulikaza nikashindwa kupiga mluzi. Siku hiyo Shangazi alikuwa ameenda soko la Sondu, na Baba, bila kujua, akawakaribisha wazee wenzake wa kanisa waonje matunda ya Ulaya ya dada yake. Katekista alitafuna moja kwa adabu, akainuka, akaenda kulitema nyuma ya nyumba ambako alidhani hatumwoni. Baba aliona.

Baba yangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwalimu, mwenye madaftari yaliyopangwa na viatu vilivyopangwa, na alichukia kuchekwa. Tena kwa muda mrefu alikuwa ametamani ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, na ng'ombe wa gredi anataka zizi, na zizi linataka mahali tambarare. Jioni ile alimwambia dada yake kwa upole kwamba mti umepewa nafasi yake. Utazaa mara moja zaidi. Zikiwa chungu tena, ataukata na kujenga zizi hapo. Shangazi hakubishana. Alisema tu kwamba zilichumwa mapema, na Baba akamjibu kwamba zilikuwa nyeusi kuliko chungu cha kupikia, zingekuwa nyeusi mpaka wapi?

Nilikuwa jikoni nikipuliza moto Shangazi alipoingia kumsaidia Mama kusonga ugali. Hakujua kama nasikiliza, au alijua na hakujali. "Akiukata nitaondoka," alimwambia Mama. "Nitatafuta chumba Kisumu, nifulie watu nguo. Siwezi kukaa mahali sina hata mti." Mama akasema asiongee hivyo, hapa ni kwao. Shangazi akageuza ugali, akasema, "Kwetu? Mimi hata kaburi langu litakuwa nje ya ua." Na ilikuwa kweli. Binti ambaye hakuolewa huzikwa nje ya boma, hivyo ndivyo ilivyo. Moshi ulinisaidia sana jioni hiyo, maana kila mtu alidhani ndio unaonitoa machozi.

Tangu hapo nikawa mlinzi wa mzabibu. Nilimwagilia nilipoweza, nikafukuza mbuzi, nikauombea hata kwenye ibada ya Jumapili, mahali ambapo wenzangu waliombea mitihani. Kwa hiyo fikirieni hali yangu siku niliporudi kutoka shule nikamkuta Shangazi mwenyewe anauua.

Alikuwa amenyofoa majani yote, moja baada ya jingine, hata yale mabichi mazuri. Alikuwa amekata matawi kwa ule mkasi mwekundu mpaka pakabaki shina na vidole vichache. Na kwenye kila mahali palipokatwa, maji maangavu yalikuwa yanadondoka, tone baada ya tone, chini kwenye vumbi. Uso wa Shangazi ulikuwa mzito. Sasa, muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimemwona mjane wa jirani yetu akinyolewa kichwa chote baada ya matanga, amekaa kwenye kigoda huku machozi yakimtiririka. Nilijua basi ninachokiona. Mtu amefiwa. Mti umenyolewa kwa ajili ya msiba, nao unalia.

Sikumuuliza Shangazi, kwa maana mfiwa hasumbuliwi. Nilikimbia kwa Dani, nyumba yake ilikuwa ya kwanza ukiingia langoni, nikamkuta anapepeta mtama. Nikamwambia kwa pumzi moja kwamba Shangazi ameunyoa mzabibu na kwamba bila shaka Nonna amekufa huko Ulaya. Dani aliweka ungo chini. Aliniuliza kama majani yametoka yote. Nikasema yote. Akaniuliza kama kweli unatoa machozi. Nikasema unatoa. Kitu fulani kikapita usoni mwake ambacho nilikichukua kuwa huzuni. Kisha akafunga kitambaa chake cha kichwa vizuri, kile cha kwendea kwenye shughuli, akachukua fimbo.

Tulipofika mzabibuni tulimkuta Baba naye ametoka shule, amesimama anautazama ule mzabibu uchi kwa uso wa mtu aliyeanza kuona zizi lake. Dani aliuzunguka mti mara moja, polepole. Akagusa tone kwa ncha ya kidole. Halafu akasema, kwa sauti ya kutosha watu wa barabarani kusikia, "Mti umenyolewa. Kitu kilichonyolewa hakiguswi mpaka mkubwa wa boma akifungue. Mkubwa ni mimi. Mtu asichume, mtu asikate, mpaka nionje mimi kwanza."

Baba akasema, "Mama, si ni mti tu."

"Sawa," akasema Dani. "Basi wewe gusa."

Baba hakugusa. Alikuwa mzee wa kanisa, na mara mbili nilimsikia akihubiri kwamba chira, ile laana inayomkondesha mtu aliyevunja mwiko, ni imani za giza. Lakini kuhubiri ni kitu kimoja, na kunyoosha mkono mbele ya mama yako ni kitu kingine. Isitoshe, hilo la mkubwa kuonja kwanza halikuwa geni. Kwetu mavuno mapya hayaliwi kabla ya mkubwa. Hata mahindi mabichi ya kuchoma tulikuwa tunamsubiri Dani.

Jioni nilimkuta Shangazi chini ya kichanja nikampa pole ya msiba. Alipoelewa ninachosema alicheka mpaka akakaa chini. Nonna hajafa, akaniambia, salamu zake zilifika juzi. Kisha akanieleza. Kule mlimani kwa Nonna huja baridi kali inayoyaangusha majani yote, na mzabibu unalala miezi kadhaa, na usipolala hauzai vizuri. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza. Kwa hiyo ameunyima maji, ameunyang'anya majani, amekata matawi, ili udhani kipupwe kimekuja. "Naudanganya kidogo," alisema, "mpaka usahau kwamba uko Nyakach." Niliona jambo hilo kuwa la ajabu kuliko msiba. Nikamwuliza kama kweli hauumii. Akasema yale ni maji tu, yanapanda kutoka mizizini, maana mti uko hai.

Na ulikuwa hai kweli. Kwenye vile vidole vikavu vikatoka vichomozo vya rangi ya waridi, kisha majani, kisha maua madogo ambayo usingeyaona kama si harufu yake, kisha punje za kijani ngumu kama choroko. Shangazi alishuka pwani ya ziwa akarudi na nyavu zilizochakaa ambazo wavuvi walikuwa wanazitupa, akaufunika mti mzima dhidi ya ndege. Kwa muda mrefu mzabibu wetu wa Kiitaliano ulinuka dagaa. Paka wa kijiji kizima waliuheshimu.

Kisha zikaanza kugeuka rangi, na wakati huo huo Dani akasema dada yake aliyeko Bondo haumwi sana wala si mzima sana, anakwenda kumtazama. Akaondoka. Zabibu zikawa nyeusi tii. Baba akangoja kwa adabu. Zikaendelea kuwa nyeusi. Dani hakurudi. Baba alikuwa anapita pale kila asubuhi na kamba yake ya kupimia, akipima upande huu, akipima upande ule, bila kugusa jani, na mawe ya zizi yalikuwa yameshamwagwa kando ya njia. Akatuma mtu Bondo kuulizia afya ya mama yake mkubwa. Jibu likaja kwamba mgonjwa anaendelea, na Dani pia anaendelea.

Mimi nilikuwa nateseka. Nilikuwa nalala nikiota ule uchachu, nikiamka nikikumbuka chumba cha Kisumu na nguo za kufua. Shangazi ndiye aliyenifundisha kungoja. Punje zilizoanguka zenyewe hazikuwa zimechumwa, alisema, kwa hiyo mwiko hauzihusu, na kila jioni tuliziokota mbili tatu. Hakuwa anajali nyama ya tunda. Aliitafuna mbegu. Alinionyesha: mbegu ya kijani, ulimi unakwama, bado. "Rangi ya ganda ni ya kumdanganya ndege," alisema. "Huyu usimtazame usoni. Kwa Nonna wenzake wote wakishavunwa, watu wakishasherehekea, yeye bado amekaa mtini na ukungu na baridi. Wanamcheka. Halafu wanakuja kuomba divai yake." Nilijaribu kufikiri kijiji cha watu wanaochekana kwa sababu ya zabibu, nikaona kumbe hawana tofauti kubwa na sisi.

Ngozi za zabibu zilianza kulegea kidogo. Mawingu yakawa yanakusanyika juu ya ziwa kila alasiri na Shangazi akawa anayatazama. Kisha jioni moja akanipa mbegu, nikaitafuna, ikapasuka kwa meno kama karanga iliyokaangwa. Nilitazama kipande kilichobaki kiganjani. Kilikuwa kahawia kabisa. Kesho yake mama mmoja mwenye kuuza samaki, anayekwenda Bondo kila wiki, alipita kwetu kunywa chai, na Shangazi akaongea naye faraghani langoni. Kabla mvua haijaanguka Dani akarudi, mzima, mnene kidogo, akisema dada yake amepona ghafla.

Tulikusanyika wote. Dani alinawa mikono, akaingia chini ya wavu, akachuma punje moja. Aliitafuna akiwa amefumba macho. Nilimwangalia Baba, na Baba alikuwa anaangalia mdomo wa mama yake, na Shangazi alikuwa anaangalia ardhi. Dani akameza. Akachuma kichala kizima, akampelekea Baba mwenyewe mkononi. "Kula, mwanangu."

Baba akala moja. Akangoja, kama mtu anayesubiri kupigwa. Akala ya pili, kisha ya tatu, na juisi nyeusi ikamchafua vidole, yule mtu wa usafi. Nami nilipewa yangu. Sitaweza kuwaeleza vizuri. Haukuwa utamu wa peremende, ule unaokukimbilia na kukusahau. Ulikuwa utamu wenye uzito, una ukali ndani yake kama mzazi mwenye upendo, na ulikaa mdomoni muda mrefu baada ya tunda kwisha. Ukali ule ule uliotufanya tuteme mara ya kwanza haukuwa umeondoka. Ulikuwa umekua. Baba alikula kichala kikaisha, akapangusa vidole kwa kitambaa chake, akayatazama mawe yake kando ya njia. "Ng'ombe anaweza kukaa kule chini," alisema. "Nitachonga mteremko." Shangazi alizunguka nyuma ya nyumba akakaa huko kwa muda.

Usiku wa kuamkia mvua nilimsaidia Dani kupanga shali zake, nikamwambia ni bahati kubwa kwamba alichelewa Bondo, maana angerudi mapema zabibu zingekuwa chachu. Dani alinikunja sikio kwa mapenzi. "Nyakwara," akasema, ndivyo alivyoniita, mjukuu wangu, "bahati gani? Dada yangu alinichoka. Shangazi yako ndiye aliyenikataza kurudi mpaka mbegu ziwe kahawia." Nikamwuliza, na ule mwiko wa mti ulionyolewa je? Dani akasema mwiko huo aliusikia kwangu mimi, siku ile nilipokuja mbio, na aliuona ni mzuri sana kuupoteza bure.

Miaka iliyofuata Shangazi alitengeneza divai, kidogo tu, akiziponda zabibu kwa mikono kwenye beseni na kuziacha zichachuke zenyewe katika chungu cha maji. Nyumba nzima ilikuwa inanuka ile harufu niliyokutana nayo hotelini. Alikataa tuinywe ikiwa changa, akisema huyu hata akiwa divai bado anataka kungojwa. Baba alinung'unika kuhusu pombe katika nyumba ya mzee wa kanisa, lakini Krismasi alikubali bilauri moja, akainywa kutwa nzima. Alisema inakausha mdomo kama kuambiwa ukweli. Mwaka uliofuata aliuliza mwenyewe kama imebaki.

Dani akaondoka, kwa uzee na kwa amani. Mimi nikaenda shule, nikapata kazi mjini, nikawa narudi wakati wa kupogoa kwa sababu Shangazi hakuruhusu mtu mwingine kushika ule mkasi ila mimi na yeye. Alibaki vile vile, mwembamba, mcheshi, anayetafuna mbegu. Mwaka huu aliugua, na hakutupa nafasi ya kumzoea akiwa mgonjwa.

Mabishano ya kaburi yalianza hata kabla jeneza halijafika. Baba, ambaye sasa ni mzee wa kutembelea fimbo, alisema dada yake atalala ndani. Wazee wa ukoo wakasema haiwezekani, binti hulala nje ya ua, kwani Baba anataka kuleta chira kwa wajukuu? Waliongea asubuhi nzima. Baba aliwasikiliza, akaitikia kwa kichwa, akasema ni kweli, mila haivunjwi. Kaburi likachimbwa nje ya ua, karibu na mzabibu, na wazee wakaridhika. Kisha Baba akaagiza vijana wakate vijiti vya mnyaa, mzigo mzima, na siku iliyofuata mazishi wakavipanda kuanzia kona ya boma, wakazunguka nje ya kaburi, nje ya mzabibu, mpaka kona nyingine. Mzee mmoja akauliza hii ni nini tena. Baba akamwambia ni ua mpya, mwanamume ana haki ya kupanua boma lake. Nilimwona Dani mwenyewe usoni mwa baba yangu.

Baada ya ule mlo wa hotelini nilikwenda nyumbani. Mzabibu ulikuwa umegeuka kichaka, umechoka, majani yanamwagikia kaburini. Muda wake ulikuwa umefika. Nilitoa mkasi, rangi nyekundu karibu imekwisha yote kwenye mishikio, nikaanza kunyofoa majani peke yangu mpaka vidole vikageuka kijani. Ilipobaki kukata, nikasita. Baba alikuwa ameletewa kiti na alikuwa amekaa pale muda wote akinitazama. Akainuka kwa shida. Akasema mkubwa wa boma sasa ni yeye, kwa hiyo yeye ndiye wa kufungua. Katika maisha yake yote hakuwahi kuushika mkasi ule. Nikampa, nikamwonyesha wapi, juu kidogo ya jicho la pili la tawi, pale panapochipuka, akakata.

Maji yakatoka, tone, halafu tone jingine, yakamwangukia kiganjani.

"Unalia," akasema Baba.

Nikamwambia ni maji tu yanayopanda kutoka mizizini, ndivyo Shangazi alivyonifundisha, mti uko hai.

"Najua," akasema. Hakuondoa mkono, na maji yakamtiririkia mpaka kwenye kifundo cha mkono, yakalowesha shati. "Lakini wacha ulie. Alikuwa dada yangu."